Mita Sitini za Mwisho

Jumatatu, 2 Juni 2025

Ukungu. Manyunyu yasiyokata. Sijavua jaketi tangu asubuhi.

Kikao cha wiki. Jackline, mhariri wetu — miezi mitano kazini, si mbaya — anataka toleo maalumu: Matukio Kumi Makubwa ya Michezo Arusha. Litatoka Jumamosi ya tarehe 14, siku ya kufunguliwa shule mpya ya riadha kule Akheri. Picha kumi zitatundikwa kwenye ukuta wa shule. Kazi nimepewa mimi. Nilijua tu. Miaka thelathini na moja naandika michezo ya mkoa huu. Sijawahi kuchapisha sahihisho hata moja.

Nikauliza kwanza: mchezo ni nini? Jackline akasema, Mzee Manase, mchezo si ni mchezo? Basi wakafunguka. Mmoja anataka bodaboda wanaosimamisha gurudumu la mbele. Mwingine anataka pool. Abdiel wa matangazo anasema drafti — baba yake hajafungwa tangu mwaka 2009, eti na huo ni ubingwa. Nikasema basi tuweke na kumenya ndizi. Wakaandika!

Mwishowe nikasimama ubaoni: kuwe na kushindana, kuwe na kanuni, kuwe na mshindi. Wakapiga makofi. Jackline amesema hayo ndiyo yatakuwa maneno ya tangazo.

Jumanne, 3 Juni

Kwa Mrombo, sokoni, na daftari. Swali moja kwa kila mtu: tukio gani kubwa kabisa la michezo ulilowahi kuliona Arusha?

Vijana wanane. Watano wamenitajia mikeka yao ya kubeti. Siyo mechi — mikeka. Mmoja alikosa timu moja tu kati ya kumi na nne, na alinisimulia timu hiyo moja kama mtu anayesimulia msiba. Nikamuuliza kama aliiangalia mechi yenyewe. Akanishangaa. Aiangalie ya nini?

Watu wazima ni kitu kingine. Kandida, anayeuza mitumba pale kona, hakufikiri hata sekunde mbili: "Mzee Lengai na Pumzi Fupi." Fundi cherehani, hivyo hivyo. Muuza mkaa, hivyo hivyo. Kumi na mmoja kati ya watu wazima kumi na saba.

Namba moja imepatikana, basi. Habari ile ni yangu. Juni 1998, mbio za barabarani, Usa River hadi uwanja wa mjini, kilomita ishirini na moja. Lengai wa Ngaramtoni, miaka arobaini, mkulima, na Tajeu, miaka ishirini na nne, aliyekuwa akishinda kila kitu mwaka ule. Wakaingia uwanjani pamoja. Kijana akaishiwa pumzi. Mzee akakata utepe.

Jina la Pumzi Fupi nililitunga mimi.

Leo sokoni mpagazi mmoja alitua gunia apumzike. Mwenzake: "We Pumzi Fupi, beba!" Nikamuuliza Pumzi Fupi ni nani. Hajui. Anadhani ni neno tu, kama mvivu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimefungua maboksi ya zamani, nikitafuta picha ya utepe. Vumbi, panya, risiti za hoteli zilizokwisha kubomolewa. Daftari la 1998 lipo. Mwandiko wangu wa wakati ule ulikuwa mzuri kuliko sasa.

Ukurasa wa tarehe 13 Juni, nanakili kama ulivyo:

"Km 20 — pamoja. Mlangoni — pamoja. M 200 — T mbele, hatua nne. M 60 — T anageuka nyuma. L mbele. Utepe: L 1:07:12. T 1:07:15."

T anageuka nyuma. Niliandika mwenyewe, kwa kalamu ya bluu. Kisha nikatuma habari isemayo aliishiwa pumzi.

Nimetoa filamu zilizorudishwa kutoka Dar, nikaziweka dirishani, na kioo cha kukuzia. Fremu ya kumi na tisa: Lengai kifua kwenye utepe, mdomo wazi, shingo yote mishipa. Nyuma yake Tajeu. Mdomo umefungwa. Mikono iko chini. Anatazama ardhi kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya watu bila kubisha hodi. Nimeona watu wakiishiwa pumzi, mamia. Hawafungi midomo.

Najua kilichotokea kwangu. Kombe la Dunia lilikuwa limeanza Jumatano ile. Wahariri wa Dar walinipa aya nne tu. Filamu na habari zilikuwa zikienda kwa basi, mkononi mwa kondakta, na basi liliondoka saa mbili na nusu. Mbio ziliisha saa mbili na dakika saba. Nilimhoji mshindi akiwa bado ameinama. Nikakimbilia stendi. Aya nne niliziandika pale kwenye benchi, karibu na wauza karanga. Ya mwisho ilisema: "Tajeu ni kijana wa pumzi fupi. Miguu anayo, moyo hana."

Wiki mbili baadaye orodha ya kambi ya taifa ikatoka. Lengai hakuwemo kwa umri. Tajeu hakuwemo kwa sababu ya aya yangu. Sikisii — mmoja wa wateuzi aliniambia mwenyewe, akicheka: umetupunguzia kazi.

Na mimi nilicheka.

Ijumaa, 6 Juni

Elerai. Tajeu ni mlinzi wa ghala la saruji. Miaka hamsini na moja, mwembamba vile vile, koti kubwa la kijani kibichi, rungu, redio ndogo. Katika mji huu nimemwona kwa mbali mara nyingi. Hatujawahi kuongea. Hiyo nayo naiandika.

Alinijua. Akasimama. "Shikamoo, kaka." Kistaarabu, kama hakuna kitu. Akanipisha kwenye stuli yake, yeye akakaa juu ya tofali.

Nilimsomea ukurasa wa daftari. Alisikiliza hadi mwisho. Akazima redio.

"Kwa hiyo uliona," akasema.

Nikamuuliza kwa nini aligeuka.

Akaeleza bila haraka. Mwaka ule alikuwa ameposa kwa Lengai. Naipanoi, binti mkubwa. Ng'ombe wawili walikwisha kwenda, jibu lilikuwa halijatoka. Njia nzima walikimbia bega kwa bega, na njiani hakukuwa na shida, barabara ni ya wote. Lakini uwanjani! Uwanja ulijaa wazee wa Ngaramtoni, wa rika la Lengai, na wake zao. Alipofika mbele akasikia kishindo cha mzee nyuma yake, na akaelewa anachokifanya. "Kwetu mkwe hapitwi mbele za watu. Baba yangu alinifundisha hivyo, na mimi sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nafikiria mbio. Nilikumbuka zikiwa zimebaki mita sitini."

"Ungeniambia," nikasema.

"Ungeuliza."

"Basi lilikuwa linaondoka."

"Na hii miaka ishirini na saba, lilikuwa basi gani?"

Nilifunga daftari.

Alimwoa Naipanoi. Wana watoto wanne. Kila alfajiri, akitoka zamu, anafundisha vijana kukimbia kwenye kiwanja kule nyuma ya ghala, bila malipo, mwaka wa kumi na mbili sasa. Na ameomba ukocha kwenye shule ya Akheri. Jibu litatangazwa siku ya ufunguzi. Hapo kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda: "Hiyo kazi naijua, kaka. Hakuna mwingine mkoa huu anayeijua hivi."

Nikamwambia nitachapisha sahihisho.

Hapana. Alisema hapana kabla sijamaliza. Mzee yuko hai. Kikombe kiko sebuleni kwake. "Ukiandika nilimwachia, umemvua nguo mbele ya watu, na mimi ndiye niliyemvika hizo nguo. Akishaondoka, andika. Au nikishaondoka mimi."

Wakati natoka, dereva wa lori akapiga honi getini: "Fungua, Pumzi Fupi, usije ukazimia!" Tajeu alifungua. Alitabasamu hata.

Jumamosi, 7 Juni

Saa kumi na mbili asubuhi, kiwanja cha Elerai. Nilisimama mbali. Vijana tisa, sita kati yao wasichana. Hana filimbi, anapiga kofi moja. Hana saa — anahesabu kwa sauti, na nilimpima kwa stopwochi yangu ya zamani: katika sekunde sitini alikosea moja.

Binti mmoja alipunguza mwendo kumngoja mwenzake aliyechoka. Tajeu alimfokea, kwa mara ya kwanza na ya mwisho asubuhi ile. "Usimngoje mtu! Nani kakufundisha kumngoja mtu?"

Nimeandika maneno hayo mara mbili. Moja hapa, moja kwenye daftari la kazi.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani. Baada ya ibada, mnada wa sadaka nje kama kawaida: mayai, maboga, mkungu wa ndizi, jogoo mwekundu mwenye hasira. Reginald alikuwa anamwania jogoo. Reginald ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya Akheri, mtu wa sauti kubwa, anayeamini kila kitu kinaweza kupigiwa kura.

Nikamuuliza habari za kocha. Akacheka. "Huyo mlinzi? Mwandishi, maombi yake ndiyo mazuri kuliko yote. Lakini mzazi gani atamleta mtoto kwa Pumzi Fupi? Jina tu!" Hata hivyo kura zimegawanyika, akasema. Anaweza kupita. Watu wanamwonea huruma.

Hapo nilifanya kosa. Niliuliza swali. Nililivika shela: mtu akiacha kushinda kwa sababu ya heshima, si kwa kushindwa — huyo utamwitaje?

Reginald hata hakusita. "Muuza mechi!"

"Hata kama hakupewa kitu?"

"Ndiyo mbaya zaidi, ameuza bure! Si nyinyi wenyewe mmetangaza? Kushindana, kanuni, mshindi. Asiyeshindana hayumo mchezoni. Pumzi fupi ni ugonjwa, mtu anapewa pole. Lakini kocha wa kuwafundisha watoto kuachia?" Kisha akanitazama. "Unamsema nani?"

"Simsemi mtu."

Akampata jogoo. Jogoo alimdonoa papo hapo. Kitu pekee kilichonifurahisha wiki hii.

Jumanne, 10 Juni

Orodha imekamilika. Namba nne ni fainali ya mpira iliyoamuliwa na refa aliyekuwa anawahi msiba. Namba sita, netiboli, wale kina mama waliocheza robo ya mwisho kwenye mvua ya mawe. Namba tisa ni mtu aliyepanda Meru na kushuka siku hiyo hiyo, kisha akaenda kazini. Namba kumi: mashindano ya kumenya ndizi, Tengeru, 2016. Nilidhani watanielewa kuwa ni utani. Jackline anasema hiyo ndiyo itasomwa kuliko zote.

Na huenda yuko sahihi. Wale wanawake walishindana kweli. Kulikuwa na kanuni, tena kali: ganda likibaki na nyama, unaondolewa.

Namba moja kwa maneno yangu ya ubaoni haifai. Mmoja alishindana, mmoja aliacha. Mshindi hakushinda. Kwa kanuni zangu mwenyewe, tukio kubwa kabisa la michezo Arusha si mchezo. Ningekuwa na miaka thelathini ningeandika makala juu ya hilo na kujipongeza.

Nina chanzo kimoja tu, pamoja na daftari langu. Chanzo kimoja hakitoshi. Tajeu alisema nisiandike. Hakusema nisiulize.

Najua hicho ni kisingizio. Kesho naenda Ngaramtoni.

Jumatano, 11 Juni

Mzee Lengai, miaka sitini na saba. Magoti mabovu, mgongo umenyooka. Alikuwa anapukuchua mahindi uani. Shikamoo, marahaba, chai ya maziwa. Sebuleni, juu ya kabati, kikombe kimefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Hakukifunua. Nadhani hakifunuliwi.

Nilimsomea ukurasa ule ule. Nilisoma polepole. Nilipofika kwenye "hatua nne" aliinua mkono.

"Ngapi?"

"Nne, mzee."

"Zilikuwa sita. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma, nilizihesabu. Kazi yako ilikuwa kuhesabu, na hata hiyo umekosea."

Nimerekebisha daftari. Sita.

Alijua, basi. Alijua tangu Tajeu alipogeuza shingo. Alitaka kusimama, asema, lakini miguu ya mtu aliyekimbia kilomita ishirini haisimami kwa kuambiwa. Kisha utepe, kisha kelele, kisha mimi na maswali yangu. "Mwanaume wa miaka arobaini akiambiwa ameshinda, anakubali upesi. Kesho yake nikasema nitasema. Kesho yake gazeti likaja. Gazeti lilishamaliza kila kitu. Nikaona: huyu kijana wameshamzika, nikifungua mdomo nazikwa mimi."

Mke wake alikuwa mlangoni. Alirudi ndani taratibu.

Mzee aliendelea kupukuchua. Akasema, kila sikukuu Tajeu anakuja na watoto. Anafanya kama inavyotakiwa: anainamisha kichwa, mzee anamwekea mkono kichwani, wanasalimiana. "Kila akiinama naona uwanja. Miaka ishirini na saba ananiinamia mtu aliyenishinda. Unajua uzito wa kichwa cha mtu kama huyo? Hakuna siku sijamchukia. Ni mkwe mwema. Ndiyo maana."

Akauliza kama ile saa niliyopimia mbio za 1998 bado ninayo. Ninayo, inafanya kazi. "Jumamosi uje nayo." Nilidhani anataka ipigwe picha pamoja na kikombe.

Ijumaa, 13 Juni

Miaka ishirini na saba leo.

Asubuhi ukurasa wa kwanza wa toleo maalumu ulikuja mezani nitie saini. Fremu ya kumi na tisa, rangi imefufuliwa na kompyuta. "Mzee Aliyemzidi Kijana Pumzi." Sahihisho lilikuwa mfukoni mwangu, maneno arobaini na moja. Niliweka mkono mfukoni. Nikatia saini kwa mkono mwingine. Jackline akasema asante mzee, picha ya ukutani ilishachapwa jana, hata hivyo. Nilisikia nafuu. Hilo pia naliandika.

Saa nane, simu. Tajeu. Hakuniamkia.

"Kaka, ulimwambia nani?"

Kamati ilimwita jana. Reginald alimuuliza mbele ya wote kama ni kweli aliuza mbio za 1998. Amesikia kutoka kwa "mtu wa magazeti". Tajeu hakujibu. Angejibu nini? Akikana, ni Pumzi Fupi. Akikubali, ameuza, na amemwanika mzee. Alikaa kimya, na kimya wamekiandika kwenye muhtasari.

"Sikumtaja mtu," nikasema.

"Hukunitaja. Arusha hii walioachia mbio wako wangapi?"

Nikasikia sauti ya mwanamke nyuma yake, Naipanoi nadhani, ikisema ameshampigia baba. Simu ikakatika.

Mwaka 1998 sikuuliza, nikamharibia. Mwaka huu nimeuliza, nimemharibia. Uzoefu wa miaka thelathini na moja.

Jumamosi, 14 Juni

Akheri. Naandika hapa hapa kwenye benchi la waandishi, vipande vipande.

Saa nne na nusu. Mlima Meru umefunguka kwa mara ya kwanza ndani ya wiki mbili. Turubai mbili, viti vya plastiki, spika inayokoroma. Njia ya kukimbilia ni ya udongo, mistari ya chokaa bado mibichi. Picha kumi ukutani. Watu wamejaa mbele ya namba kumi, wanacheka, wanatafuta mashangazi zao kwenye maganda ya ndizi. Jackline alikuwa sahihi.

Tajeu yupo, mstari wa nne, suti ya kahawia, viatu vya ngozi. Naipanoi pembeni yake. Vijana wake tisa nyuma. Hakunitazama.

Saa tano na robo. Hotuba. Reginald amesema tangazo la kocha litatoka mwisho wa shughuli. Alisema hivyo akimtazama mtu mwingine, kijana mwenye tracksuit mpya.

Saa tano na dakika arobaini. Mzee Lengai ameitwa kupokea cheti cha namba moja. Amevaa shuka nyekundu juu ya koti, katambuga miguuni. Amekuja na kikapu. Ametoa kikombe, kimefunikwa bado. Amekiweka mezani mbele ya Reginald, akaondoa kitambaa, akakikunja mara mbili, akakiweka mfukoni. Kikombe ni kidogo kuliko nilivyokumbuka.

Akapewa kipaza sauti. Hakukishika vizuri, ikabidi mshereheshaji amshikie.

Nanakili neno kwa neno: "Cheti sikipokei. Mwaka ule mita sitini za mwisho hazikukimbiwa. Tutazikimbia sasa. Mimi na Tajeu."

Vicheko. Mshereheshaji: "Mzee wetu, na magoti je? Tuite machela kabisa?" Vicheko zaidi. Mzee hakucheka. Ameinama, amevua katambuga, moja, nyingine, akazipanga mezani karibu na kikombe.

Vicheko vimekwisha.

Reginald ananong'ona kwamba haimo kwenye ratiba. Mzee amesema, na safari hii spika haikukoroma: "Mwandishi ana saa. Apime yeye. Ahesabu vizuri."

Nimepima. Hatua zangu sitini na nane, kutoka mlingoti wa bendera hadi mstari wa chokaa. Watu wote wamesimama. Nilipokuwa nahesabu hatua nilipiga hesabu nyingine. Tajeu akimpita, amempita mzee wa miaka sitini na saba mwenye magoti mabovu, mkwe wake, mbele ya ukoo mzima: haithibitishi kitu. Asipompita, kamati itaona kwa macho kile ambacho Reginald ameshaamua. Mzee hajafikiria hivyo. Au amefikiria, na hajali tena — anataka tu mara moja akimbie nyuma ya mtu anayekimbia kweli.

Tajeu bado amekaa.

Yule binti aliyefokewa wiki iliyopita amesimama juu ya kiti. Wote tisa wanamtazama Tajeu.

Nimepita karibu yao nikirudi. Naipanoi anatazama mbele, wala hajamgeukia mumewe. Amesema: "Baba ameshavua viatu. Utamwacha asimame pale peke yake?"

Saa sita kasoro dakika tano. Tajeu ameinuka. Amefungua kamba za viatu taratibu, amevua na soksi. Koti amempa yule binti. Amepita mbele yangu, amesimama.

"Safari hii utaandika nini?"

Nimemwambia nitaandika nitakachoona, kisha nitamuuliza.

"Uniulize kwanza," amesema. "Kisha ndiyo uandike."

Nimekubali. Hata hivyo naandika.

Wako mlingotini. Reginald ameshika filimbi kama anashika kitu cha moto. Mimi niko huku mwisho, kwenye chokaa, saa mkono wa kulia, kalamu wa kushoto, mwandiko mbaya.

Tajeu amemgeukia mzee. Ameinamisha kichwa, kama kila sikukuu. Amekiweka pale, anangoja mkono.

Mzee ameweka mikono nyuma: leo hataki kuinamiwa.

Watu wanaona. Mtu mmoja upande wa turubai amesema kitu kwa Kimaasai, wazee wawili wamemkemea. Tajeu bado ameinama. Mzee anatazama mbele, huku kwangu, kwenye chokaa. Mikono bado iko nyuma. Reginald amepeleka filimbi mdomoni. Kichwa bado —